Ukurasa Huzaliwa Ukiwa Wazi

Anayejifunza kutengeneza tovuti huanza na kazi ndogo: ukurasa wa duka la vitenge, fomu ya kujiunga na kikundi cha kuweka na kukopa, ratiba ya mazoezi ya kwaya. Huhangaika wiki kadhaa na HTML, kisha CSS, kisha mistari michache ya JavaScript aliyoinakili mahali, na hatimaye ukurasa unasimama. Marafiki wanausifu. Halafu mtu mwenye uzoefu anaufungua, anabonyeza kitufe cha Tab mara nne tano, na kusema kwamba ukurasa hauna ufikivu: asiyeona hawezi kuutumia, mwenye mikono inayotetemeka hawezi kuutumia, na mzee aliyesahau miwani hataweza kuusoma. Hapo mwanafunzi hujifunza somo lenye madhara, kwamba ufikivu ni mzigo mwingine juu ya mizigo aliyo nayo, kozi ya mbele, jambo la wakubwa wenye bajeti. Vitabu vingi vya kufundishia vinaliunga mkono somo hilo kimyakimya, maana sura ya ufikivu huwekwa karibu na mwisho, baada ya vikorombwezo vyote vya kuvutia macho.

Sura hii haikuwekwa mwishoni, na ni kwa makusudi. Hoja yake ni kwamba ukurasa wa HTML ambao haujaguswa na mapambo yoyote tayari unafikiwa na watu wengi kuliko tovuti nyingi za kampuni kubwa, na kwamba sehemu kubwa ya vikwazo vinavyolalamikiwa huwekwa na mkono wa mtengenezaji mwenyewe, hatua kwa hatua, kila mara akidhani anaboresha. Kwa hiyo anayeanza yuko karibu na tovuti nzuri kuliko anavyoambiwa. Kazi yake ya kwanza ni kujua asivunje nini. Ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuandika yale ambayo kompyuta haiwezi kumwandikia.

Chanzo cha hali hii kiko kwenye historia. Tim Berners-Lee alipotoa pendekezo lake mwaka 1989, alikuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, ambako watafiti wa nchi nyingi walitumia kompyuta za kila aina. Haikuwezekana kuamuru ukurasa uonekane vilevile kwa wote, kwa sababu baadhi ya mashine hazikuweza kuonyesha chochote ila herufi. Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza aliyekuwa pale kwa mafunzo ya kazi, aliandika kivinjari cha maandishi matupu ambacho kingefanya kazi karibu kwenye kompyuta yoyote. Lugha iliyolelewa katika mazingira hayo ililazimika kusema kitu ni nini na kuiachia mashine iamue kitaonekanaje: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kiungo. Nia ilikuwa kuhudumia mashine zisizolingana, lakini ukurasa unaojieleza kwa mashine isiyo na picha hujieleza pia kwa programu inayosoma skrini kwa sauti. Kurasa za CERN za wakati ule bado zinafunguka leo kwenye simu ya bei ya chini, na kisoma skrini kinazipitia bila kukwama. Ufikivu wake ulitokana na kukubali kwamba mwandishi hajui msomaji ameshika kifaa gani.

Linganisha na tulipofika. Tangu mwaka 2019, WebAIM, taasisi iliyo katika Chuo Kikuu cha Utah State nchini Marekani, hupitisha kila mwaka programu ya ukaguzi kwenye kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zenye wageni wengi zaidi. Mwaka 2024, asilimia 95.9 ya kurasa hizo zilikutwa na angalau kosa moja la wazi dhidi ya WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, na kwa wastani kila ukurasa ulikuwa na makosa 56.8. Kinachofundisha zaidi ni aina ya makosa yenyewe. Asilimia 96 ya makosa yote iliingia katika mafungu sita tu: maandishi yenye rangi hafifu, yaliyokutwa katika asilimia 81 ya kurasa, picha zisizo na maelezo mbadala, asilimia 54.5, visanduku vya fomu visivyo na lebo, 48.6; viungo vitupu, 44.6, vitufe vitupu, 28.2, na kurasa zisizotaja lugha yake, 17.1. Hakuna hata moja linalohitaji shahada ya uhandisi kulikwepa. Sasa yagawe kwa chanzo. Kivinjari kisipoamriwa chochote huandika kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, kwa hiyo rangi hafifu lazima mtu aichague. Kiungo cha kawaida kina maneno ndani yake, na kitufe vilevile. Huwa vitupu pale mtu anapoyaondoa maneno na kuweka kijipicha. Makosa matatu, basi, ni ya kuharibu kilichokuwepo. Matatu mengine ni ya kuacha kuandika mstari mmoja mmoja.

Rangi inastahili kutangulia, kwa kuwa ndiyo inayoongoza orodha hiyo kila mwaka. WCAG hupima utofauti kwa uwiano wa mwanga: nyeusi kabisa juu ya nyeupe kabisa ni 21 kwa 1, na maandishi ya ukubwa wa kawaida yanatakiwa yasipungue 4.5 kwa 1. Mwanafunzi akiiona namba hiyo huidhani ni ya urasimu tu, kumbe ina asili. Viwango vya awali vya skrini vilikubali 3 kwa 1 kwa mtu mwenye macho mazima. Waandishi wa mwongozo wakazidisha mara moja na nusu ili kufidia upungufu wa mtu ambaye uoni wake umeshuka hadi 20/40, hali inayochukuliwa kuwa ya kawaida kwa wazee wa miaka karibu 80. Yaani aliyefikiriwa ni bibi au babu wa kila nyumba. Kijivu cha #999 juu ya nyeupe, ambacho wasanifu hukipenda kwa upole wake, hutoa takriban 2.85. Maandishi meupe juu ya rangi ya chungwa iliyozoeleka, #FFA500, hayafiki hata 2. Kisogeze kijivu hadi #767676 na unapata 4.54, ukurasa umebaki mpole, na bibi sasa anausoma. Nchi zetu zina sababu ya ziada ya kujali namba hii. Ukurasa wa duka la vitenge hautasomwa ofisini penye pazia. Utasomwa Kariakoo saa saba mchana, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mwanga wa skrini umepunguzwa ili chaji ifike jioni. Jua likipiga kioo, utofauti unaofika jichoni hushuka chini ya ule uliopimwa mezani. Kwa dakika hizo kijana mwenye macho makali hana tofauti na bibi yake.

Jirani wa kosa hili ni amri ya kuzuia kukuza ukurasa kwa vidole, ambayo bado hukutwa kwenye violezo vya zamani ikiwa na maneno user-scalable=no. Aliyeiweka alitaka mpangilio wake usivurugike. Anayeumia ni kila mwenye uoni hafifu, wakiwemo watu wenye ualbino, ambao wengi wao huwa na uoni hafifu kutokana na hali yenyewe. Kurekebisha ni kufuta maneno hayo. Hakuna cha kujifunza zaidi.

Kitufe kinahitaji maelezo marefu kidogo. Elementi ya button inakuja na mambo manne ambayo mwanafunzi hakuyaandika: inafikiwa kwa Tab, inaitika kwa Enter na kwa kitufe cha nafasi, inajitambulisha kwa kisoma skrini kwamba ni kitufe, na inaweza kuzimwa ikaeleweka imezimwa. Sura yake ya asili haivutii, hilo ni kweli, na ndiyo maana wengi huiacha wakachukua elementi tupu ya div, wakaipaka rangi, wakaipindisha pembe, kisha wakaifunga na JavaScript ili iitike inapobofywa. Kwa anayetumia kipanya au kidole vitu hivi viwili havitofautiani. Kwa anayetumia kibodi, kile cha pili hakipo kabisa: Tab inakiruka. Na wanaotumia kibodi si wasioona peke yao. Wamo wenye mitetemeko ya mikono, wenye maumivu ya kifundo cha mkono, na hata karani ambaye kipanya chake kimekufa na ofisi haijanunua kingine. Kuirudishia div yale iliyonyimwa kunahitaji mistari kadhaa ya msimbo, kila mmoja na nafasi yake ya kukosewa, ilhali CSS ileile iliyopamba div ingeweza kupamba button. Kosa pacha lake ni outline: none, mstari unaofuta duara la buluu linaloonyesha Tab imefika wapi. Mwanafunzi huuandika kwa sababu duara linamkera. Baada ya hapo mtumiaji wa kibodi anatembea gizani ndani ya ukurasa wenye taa.

Wapo wanaojua tatizo hili na kulitibu kwa ARIA, seti ya sifa za ziada zinazokieleza kisoma skrini kwamba div hii ihesabiwe kitufe, ile ihesabiwe menyu. Takwimu za WebAIM za mwaka 2024 zina habari isiyowafurahisha: kurasa zilizotumia ARIA zilikuwa kwa wastani na makosa yapatayo theluthi moja zaidi ya zile zisizoitumia. Haifai kuisoma takwimu hiyo kana kwamba ARIA ndiyo iliyoleta makosa yote, kwa kuwa kurasa zinazoihitaji huwa tata kuliko nyingine. Hata hivyo inapatana na kanuni ya kwanza ya wanaoitunza ARIA yenyewe: kama HTML ina elementi inayofanya kazi hiyo, tumia elementi hiyo. ARIA huahidi tu. Ukisema div ni kitufe bila kuiwezesha kuitika kwa Enter, umemwambia asiyeona kwamba mlango uko hapa, kisha akagusa ukuta.

Kosa la lugha, lile la asilimia 17.1, linaonekana dogo kuliko yote, na kwa msomaji wa kitabu hiki huenda ndilo kubwa kuliko yote. VS Code, programu inayotumiwa na wanafunzi wengi kuandikia msimbo, ina njia ya mkato: andika alama ya mshangao, bonyeza Tab, na mifupa ya ukurasa mzima inajiandika. Mstari wa pili wa mifupa hiyo unasema lang="en". Mwanafunzi anaendelea chini yake kwa Kiswahili sanifu, na ule mstari haugusi tena, kwa kuwa machoni haubadilishi kitu. Masikioni unabadilisha kila kitu. NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, hutumia sifa hiyo kuchagua kanuni za matamshi. Injini ya sauti inayokuja nayo, eSpeak NG, inakijua Kiswahili. Kinachohitajika ni kuambiwa. Isipoambiwa, husoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, irabu zikapinda, mkazo ukakaa pasipo pake, na msikilizaji akalazimika kukisia neno baada ya neno mpaka achoke. Kibaya zaidi, ukaguzi wa kompyuta haulioni kosa hili. Programu ya WebAIM huhesabu kurasa zisizotaja lugha. Ukurasa uliotaja lugha isiyo yake hupita salama. Kwa mwandishi wa Kiingereza kiolezo kile ni msaada. Kwa mwandishi wa Kiswahili ni mtego, na kujitoa kunahitaji kubadilisha herufi mbili tu, ziwe sw.

Mpaka hapa hoja imekwenda kwa urahisi, labda kwa urahisi mno, na inafaa kukiri mipaka yake. HTML tupu haitoi kila kitu. Maelezo ya picha hayawezi kuzaliwa na ukurasa, kwa sababu hakuna anayejua picha inasema nini ila aliyeiweka. Programu ya ukaguzi hutosheka ikikuta alt="picha", ilhali mteja asiyeona wa duka la vitenge hajafaidika chochote kwa kuambiwa kwamba picha ni picha. Anachotaka ni kile ambacho mteja mwingine anakipata kwa kutazama: kitenge cha buluu chenye maua ya njano, yadi sita. Picha ileile ikiwekwa juu ya ukurasa kama pambo tu, maelezo hayo hugeuka kelele, na jibu sahihi ni alt="" iliyoachwa wazi ili kisoma skrini kipite. Hapa hakuna kanuni ya kukariri. Panahitajika mtu ajiulize picha hii ipo kwa kazi gani, na mara nyingi atagundua haina kazi, akaiondoa, na ukurasa ukapata nafuu ya uzito kwa wanaonunua bando la siku.

Fomu ndiyo inayopima uandishi wa mtengenezaji kuliko sehemu nyingine yoyote, na hapo ufikivu na urahisi wa kutumia hukutana mpaka huwezi kuvitenganisha. Chukua fomu ya kikundi cha kuweka na kukopa. Mtindo ulioenea ni kuweka jina la kisanduku ndani yake kwa maandishi ya kufifia, ili kuokoa nafasi. Mtu akianza kuandika, maandishi yale hutoweka, naye akikatizwa na simu kisha akarudi, hajui tena kama kisanduku cha tatu kilidai namba ya kitambulisho au namba ya simu. Lebo halisi iliyofungwa na kisanduku chake inabaki palepale, inasomwa na kisoma skrini, na tena ikiguswa hupeleka kielekezi ndani ya kisanduku, jambo linalowafaa wenye vidole vinene na walio ndani ya daladala inayorukaruka. Halafu kuna maswali yenyewe. Fomu zilizonakiliwa kutoka kwenye mafunzo ya ng'ambo hudai jina la kwanza na jina la ukoo, wakati mwanachama ana majina matatu kwenye kitambulisho chake, lake, la baba na la babu, na hajui lipi liende wapi. Kisanduku kimoja cha jina kamili kinatosha. Namba ya simu ipokelewe ikianza na 0, ikianza na +255, ikiwa na nafasi katikati au bila nafasi. Kuondoa nafasi ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo, na hakuna sababu ya kumtwisha mwanachama. Kisanduku kikiandikwa type="tel", simu yenyewe itafungua vitufe vya tarakimu. Na mtu akikosea, ujumbe wa «taarifa si sahihi» wenye rangi nyekundu haumsaidii asiyetofautisha rangi, wala anayezitofautisha. WCAG inataka kosa litajwe kwa maneno na, panapowezekana, lipendekezewe dawa: namba uliyoandika ina tarakimu tisa, inatakiwa kumi. Mwalimu mzuri wa insha angeandika ujumbe huo vizuri kuliko wahandisi wengi.

Pingamizi linalosikika kwanza ni la idadi: wateja wangu si walemavu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata asilimia 2.2 ya watu wenye ulemavu miongoni mwa wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilipata asilimia 11.2 miongoni mwa wenye miaka saba na zaidi. Shirika la Afya Duniani hukadiria asilimia 16 ya watu wote duniani. Ni vigumu kuamini kwamba kuvuka mpaka wa Namanga kunaongeza ulemavu mara tano. Kinachobadilika ni mahali mhesabu anapochora mstari, kati ya anayeshindwa kabisa na anayefanya kwa shida. Tovuti haijui mstari huo. Anayeona kwa shida anashindwa kusoma kijivu hafifu hata kama hakuna karani wa sensa aliyemwandika. Na mwenye pingamizi anapaswa kujibu swali jingine: amejuaje? Asiyeona aliyekwama kwenye fomu haachi ujumbe kwamba amekwama. Anafunga ukurasa, na kukosekana kwake baadaye hutumiwa kama ushahidi kwamba hakuwapo.

Pingamizi la pili lina busara zaidi: tuanze kwanza, tutarekebisha mbele ya safari. Jibu lake liko Sydney. Mwaka 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, alilalamika kwenye tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000 haisomeki kwa kifaa chake: picha hazikuwa na maelezo mbadala, na majedwali ya matokeo hayakuweza kufuatwa. Waandaaji walijitetea kwamba marekebisho yangehitaji siku 368 za kazi ya mtu mmoja na gharama ya dola milioni 2.2 za Australia. Mashahidi wa kitaalamu wa upande wa Maguire walikadiria muda na gharama ndogo mno kuliko hizo, na tume ikakubaliana naye Agosti 2000, wiki chache kabla ya michezo. Waandaaji hawakutimiza yote waliyoamriwa, na baadaye wakatakiwa kumlipa dola 20,000. Hata tukichukulia kwamba makadirio ya waandaaji yalikuwa ya kweli, yanawahukumu wenyewe: maelezo ya picha huandikwa kwa sekunde kadhaa siku picha inapowekwa, na yakifikia gharama ya namna hiyo ni kwa sababu yaliachwa yarundikane katika maelfu ya kurasa. Anayeanza ana kurasa tatu. Hatakuwa tena na tovuti rahisi kurekebisha kama hiyo maishani mwake.

Mpingaji wa tatu husema kuna programu za kufanya yote hayo, za kukagua na hata za kutibu. Za kukagua ni za msaada wa kweli, na zitumike, mradi ijulikane zinapoishia. Mwaka 2019 Manuel Matuzović, mtengeneza tovuti wa Vienna, alitengeneza kwa makusudi ukurasa usioweza kutumiwa kwa kipanya, kwa kibodi wala kwa kisoma skrini, kisha akaupitisha kwenye Lighthouse, chombo cha ukaguzi cha Google. Ukapata 100 kwa 100. Mashine huhesabu kama maelezo yapo, haipimi kama yana maana. Kuhusu zile zinazodai kutibu kwa mstari mmoja wa msimbo, inatosha kutaja kwamba mwaka 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliitaka kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni moja, kwa kudai kwamba bidhaa yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG.

Kuna na pingamizi la urembo, kwamba tovuti yenye ufikivu huwa kama fomu ya serikali. Halihitaji kujibiwa kwa urefu. Hakuna kipengele cha WCAG kinachokataza kitenge chenye rangi ishirini; kinachodaiwa ni kwamba bei iliyoandikwa juu yake isomeke. Mshonaji yeyote amezoea masharti magumu kuliko hayo.

Lililobaki ni kujua kama ukurasa kweli unatumika, na hilo halijulikani bila watu. Jakob Nielsen, akitegemea hesabu alizofanya na Thomas Landauer mwaka 1993, alieneza kanuni kwamba kuwatazama watu watano wakitumia mfumo hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo yake. Mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder waliijaribu kwenye tovuti za kuuza bidhaa na kukuta watu watano wa kwanza wamefichua asilimia 35 tu. Mabishano hayo huwasilishwa kama vita, ingawa pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Tovuti ya duka kubwa ina njia nyingi sana za kupita, na kila mteja mpya hufuata yake. Fomu ya kikundi yenye visanduku vinne ina njia moja. Watafutwe watu watano, mmoja awe mzee, mmoja atumie simu juani, mmoja awe mtumiaji wa kila siku wa kisoma skrini, naye alipwe muda wake kama fundi mwingine yeyote. Wapewe kazi ya kufanya, wala wasiombwe maoni; mtengenezaji akae kimya, aandike kila mahali kidole kinaposita, na ajizuie kueleza, kwa kuwa hatakuwepo kueleza siku wanachama mia mbili watakapojisajili. Fomu hiyo ikija kuongezewa maombi ya mkopo na marejesho, njia zimeongezeka, na watatafutwa watu wengine watano.